Chumvi ya Ng'ombe Siku ya Aiskrimu

Kila asubuhi Valentine Mayaka alipita mbele ya banda la barafu la Sori akiwa amebana pua. Si harufu iliyomsumbua. Harufu ya samaki ilikuwa imeingia kila mahali pale ufuoni mwa ziwa, hata kwenye makoti ya walimu, na mtu ambaye angeibania pua angekufa kwa kukosa hewa. Valentine alibana pua ili aonekane anabana. Alitaka Maranga, mtu wa barafu, ajue kwamba anapitwa na mwanafunzi wa Gredi ya Saba aliyeongoza darasa mihula mitatu mfululizo.

Maranga hakuinua kichwa. Alikuwa mtu mwembamba mwenye gambuti za kijani miguuni, na kazi yake ilikuwa kuvunja mapande ya barafu kwa mtaimbo na kuwafunika mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwani, ndani ya masanduku makubwa, wangoje lori la Kisumu. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na tisa. Shule aliiacha darasa la tatu, na Sori nzima ililijua hilo kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha.

Hatua chache nyuma ya Valentine alikuja Nyamoita, wa darasa lilelile, akiwa na mkebe wa maziwa kila mkono. Nyamoita alitoka Ntimaru, kwa Wakuria, na alikuwa akiishi na shangazi yake Mellen aliyefuga ng'ombe wanne. Kabla ya kengele ya shule alikuwa amekwisha kupeleka maziwa kwenye vibanda vitatu vya chai. Yeye alimsalimu Maranga kila siku, naye Maranga akaitikia. Valentine hakumsalimu yeyote kati yao.

Muhula ule mwalimu mkuu wa shule yao ya Got Nyakoko alitangaza jambo jipya. Alisema amechoka na siku za kufunga shule ambapo wazazi huja, husomewa matokeo, hugombana na walimu na kurudi nyumbani wamenuna. Safari hii kutakuwa na karamu ya aiskrimu kwa wanafunzi, wazazi na walimu, watu wakae pamoja wale kitu kitamu, basi. Kisha akauliza kama kuna anayejua kutengeneza aiskrimu.

Mkono wa Valentine ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Alieleza kwamba likizo ya Agosti alikuwa kisiwani Takawiri, kwa mama yake mdogo anayefanya kazi katika nyumba ya wageni, na kwamba huko alikuwa akitengeneza aiskrimu karibu kila siku. Ukweli ni kwamba aliionja mara mbili, na mara moja aliruhusiwa kulamba kijiko. Kutoka kulamba kijiko hadi kuwa mpishi ni safari ndefu, lakini Valentine aliimaliza kwa sentensi moja.

Akafanywa mwenyekiti wa kamati. Kamati ilikuwa na mwenyekiti, makamu, karani aliyeitwa Wesley, na mweka nidhamu. Haikuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kutengeneza aiskrimu. Ilikaa mikutano saba. Mkutano wa kwanza ulijadili jina la kamati. Wa pili na wa tatu ilijadili rangi ya riboni. Katika mkutano wa nne Nyamoita, aliyeitwa kwa sababu shangazi yake ndiye mwenye mikebe mikubwa, aliuliza maziwa yatagandaje. Valentine akamjibu kwamba swali hilo halimo katika ajenda. Kisha akampa kazi ya kuosha vyombo, akaongeza kwamba watu wa ng'ombe wamezoea kuosha mikebe. Wesley akaandika hilo neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri sana.

Jumanne ya wiki ya karamu, Mwalimu Arasa, msimamizi wa kamati, aliwatuma kwa Maranga na barua ya kuomba barafu. Walikwenda watatu: Valentine na barua, Wesley na daftari, na Nyamoita nyuma.

Maranga aliisoma barua polepole, akifuata maneno kwa kidole. Wesley na Valentine wakatazamana. Alipomaliza aliuliza wataifanyaje hiyo aiskrimu yenyewe. Valentine akamweleza kwa sauti ya kumweleza mtoto mchanga: maziwa matamu yanawekwa kwenye beseni, beseni linawekwa juu ya barafu, yanafunikwa kwa magunia, yanaganda.

"Hayatashika," Maranga alisema. "Maziwa yenye sukari ni magumu kuganda. Hiyo barafu itieni chumvi."

Wesley alicheka mpaka akaangusha kalamu. Inafaa ieleweke kwa nini. Pale Sori hata mtoto wa chekechea anajua kwamba chumvi na barafu ni wake wenza, hawawekwi nyumba moja. Akina mama wanaokausha samaki kwa chumvi walikuwa upande wa pili wa ufuo, na kati yao na banda kulikuwa na ua wa mabati. Chumvi ikigusa barafu, barafu inakwisha mbio na samaki wanaoza. Na aliyekuwa akifukuza kila mtu aliyekaribia banda na chumvi alikuwa ni Maranga mwenyewe.

Valentine alimkumbusha hilo. Maranga akasema anafukuza watu kwa sababu ameona kile chumvi inachofanya. Valentine hakuuliza ameona nini. Alimgeukia Wesley, na kwa sauti ambayo mtu wa ng'ambo ya pili angeisikia, akasema:

"Hivi ndivyo mtu huwa akiachia shule darasa la tatu."

Maranga aliandika jina lake chini ya barua, akamrudishia, akainama tena kwa mbuta wake.

Wenzake walipoondoka Nyamoita alibaki. Aliuliza lile swali ambalo mwenyekiti hakuliona la maana: ameona nini? Maranga akamwambia kwamba mwaka mmoja kibarua alimwaga chumvi ndani ya sanduku la samaki. Asubuhi barafu ilikuwa imekuwa maji, na samaki wa juu wameharibika. Lakini wa chini, waliokuwa ndani ya yale maji ya chumvi, walikuwa wagumu kama kuni, na chupa ya maji ya kunywa aliyoisahau humo ilikuwa jiwe. Chumvi huila barafu, alisema, lakini inapoila, baridi yake inakuwa kali kupita ya barafu yenyewe. Kisha akampa pande dogo la barafu ndani ya mfuko.

Jioni ile Nyamoita alichukua kopo la kakao lenye kifuniko, akatia maziwa yaliyochemshwa na kutiwa sukari, akalizika ndani ya ndoo ya barafu aliyoinyunyizia chumvi. Chumvi aliyokuwa nayo ni ile ya mawe ambayo shangazi yake aliwawekea ng'ombe walambe. Akalizungusha kopo, akafungua, akakwangua pembeni, akafunika, akazungusha tena. Chai ya jioni ilipoiva, kopo lilikuwa na aiskrimu. Shangazi Mellen aliila, kisha akauliza kama hiyo ndiyo yote.

Kesho yake Nyamoita alimweleza mwenyekiti. Alisema amejaribu na imeshika, na kwamba shangazi yake ana nusu gunia la chumvi wanaloweza kulitumia.

"Chumvi gani?" Valentine aliuliza.

"Ya ng'ombe. Haiguswi na maziwa, inakaa nje tu na barafu."

"Chumvi ya ng'ombe." Valentine aliwageukia wanakamati. "Mnasikia? Leo sisi tumekuwa ndama."

Wesley akalia kama ndama. Wakacheka wote, hata mweka nidhamu. Nyamoita alichukua brashi yake akarudi kusugua mikebe. Kuna watu wa kurudia jambo mpaka lisikike. Nyamoita hakuwa mmoja wao. Alikuwa amesema, na aliyekuwa na masikio alikuwa nayo.

Ijumaa ilifika na riboni zake. Nyumba thelathini zilikuwa zimeleta maziwa asubuhi, mengine kwa chupa, mengine kwa vibuyu, na kuna nyumba ambayo siku hiyo ilikunywa chai ya rangi ili shule ipate. Mpishi wa shule aliyachemsha yote, akatia sukari na vanila, akayaacha yapoe. Mwalimu Arasa alikumbusha kwamba kila kitu lazima kiwe kimekwisha kabla ya jua kutua. Yeye na nusu ya wazazi walikuwa Wasabato, na jua la Ijumaa likitua Sabato imeingia, hakuna kuosha sufuria wala kukunja viti.

Saa sita Valentine aliweka mabeseni juu ya barafu, akafunika kwa magunia. Alifanya hivyo akiwa amevaa aproni nyeupe yenye neno MWENYEKITI kifuani. Kisha akakaa kwenye kiti akingoja maziwa yamtii.

Saa saba alifunua. Maziwa yalikuwa baridi. Saa saba na nusu yalikuwa baridi zaidi. Saa nane, huku wazazi wakianza kukaa kwenye madawati chini ya turubai, yalikuwa maziwa baridi kabisa, matamu, na ya majimaji kama yalivyotoka jikoni. Barafu chini yake ilikuwa imepungua karibu nusu. Mwalimu Arasa alipopita kuuliza, Valentine alimwambia kwamba kule Takawiri huchukua muda.

Watoto wa chekechea walikwisha kupangwa mstari, kila mmoja na kikombe chake kutoka nyumbani. Mbele kabisa alikuwa Joyline, mdogo wake Valentine, mwenye miaka mitano. Alikuwa na kikombe cha manjano na kijiko amekibandika mdomoni tayari. Alitoa kijiko kwa muda wa kuwatangazia wenzake kwamba dada yake ndiye anayejua, kisha akakirudisha.

Hapo Wesley alipata wazo. Alisema wavunje barafu vipande vidogo vidogo, wamimine ndani ya maziwa, wakoroge. Kitakuwa kitu kizito na baridi, nani atajua?

Valentine aliliangalia wazo lile kama mwenye njaa anavyoangalia mandazi ya mtu mwingine. Lingemwokoa. Akainama, akachukua pande la barafu kutoka kwenye gunia. Kwenye upande mmoja kulikuwa na gamba la samaki, kubwa kama kucha ya kidole gumba, limeganda humo na mchirizi wa damu. Barafu ile ilitengenezwa kwa maji ya ziwa, yasiyochemshwa, yale yale ambayo watu walifulia na punda kusimama ndani yake. Ilikuwa ya kuwekwa chini ya samaki. Kila mtu Sori alijua, na mwaka uliotangulia wangapi walilazwa kwa kuhara kwa sababu ya maji ya namna hiyo, Valentine alijua pia.

Akamtazama Joyline na kikombe chake.

"Vunja basi," Wesley alimhimiza. "Wanatuangalia."

Valentine alilirudisha pande lile kwenye gunia. Alivua aproni yenye neno lake kifuani, akaenda kwa Mwalimu Arasa aliyekuwa amesimama na mwalimu mkuu, na akasema mbele ya wote wawili:

"Mwalimu, mimi sijawahi kutengeneza aiskrimu. Kule Takawiri nilikula tu."

Mwalimu Arasa hakumpigia kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliuliza kama kuna anayejua. Valentine akasema wapo wawili, na kwamba wote wawili walimwambia, na yeye akawacheka. Mwalimu akaangalia jua, kisha saa yake.

"Basi miguu unayo," alisema. "Nenda ukawaombe mwenyewe."

Nyamoita hakuwa mbali. Alikuwa nyuma ya jiko, mikebe minane ya shangazi yake imekwisha kuoshwa na kuanikwa kifudifudi. Valentine alisimama mbele yake. Alisema anaomba ile chumvi.

Nyamoita aliendelea kukausha mikono yake.

"Ndama amekuja kulamba," alisema.

Valentine alilimeza hilo. Hapakuwa na kitu kingine cha kufanya nalo. Nyamoita alimwacha alimeze hadi chini, kisha akainuka, akasema anakwenda kwa shangazi kuleta gunia, na Valentine aende kwa Maranga, maana barafu iliyobaki haitatosha.

Pale bandani lori lilikuwa limeondoka na Maranga alikuwa akifagia maji. Valentine alifika bila kubana pua. Alimwamkia, shikamoo ya kwanza tangu azaliwe, na Maranga akaitikia kana kwamba ameipokea kila siku. Alipokwisha kusikiliza yote, hata wazo la Wesley na lile gamba la samaki, aliegemea ufagio.

"Nilikuambia habari ya chumvi siku gani?"

"Jumanne."

"Leo ni siku gani?"

"Ijumaa."

"Umechelewa siku tatu tu," Maranga alisema. "Nawajua watu waliosoma mpaka chuo ambao bado hawajafika."

Akapakia barafu iliyosalia kwenye mkokoteni. Hakumsaidia kuusukuma. Alitembea kando yake na mtaimbo wake begani, na walipopita sokoni watu waliona mwanafunzi wa kwanza wa Got Nyakoko akisukuma barafu ya samaki huku amelowa hadi magotini.

Kilichofuata hakikuwa na ajenda. Maranga alivunja barafu. Nyamoita alijaza kila mkebe nusu tu, akaufunga kifuniko kwa kitambaa na kamba ili maji ya nje yasiingie, akaonyesha jinsi unavyozikwa ndani ya barafu na chumvi na kuzungushwa. Wazazi waliokuwa wamekaa kwa kununa waliambiwa washike mikebe, watu wanne wanne kwa zamu, kwa sababu barafu ile ilikuwa kali, inachoma vidole. Baba aliyekuja kulalamikia alama za mwanawe alijikuta akizungusha mkebe mmoja na mwalimu aliyezitoa. Kila mara kabla mkebe haujafunguliwa, Nyamoita aliupangusa kifuniko na kunawa mikono. Wesley alitaka kufungua bila kupangusa akafukuzwa.

Saa kumi mkebe wa kwanza ulifunguliwa. Nyamoita alichomeka mwiko. Mwiko ukasimama peke yake.

Joyline alipewa wa kwanza. Alikula kijiko kimoja, akamtazama Valentine, akauliza kwa nini hakuleta hii tangu mchana. Valentine akamwambia kwa sababu hakujua. Joyline alilifikiria jibu hilo, akaona ni la ajabu kwa dada yake, akaendelea kula.

Maranga naye alipewa kikombe. Alionja, akasema sukari imezidi, akakimaliza. Ndipo Valentine alipomwendea na kumwomba msamaha kwa maneno ya Jumanne, mbele ya Mwalimu Arasa na mbele ya Wesley.

"Darasa la tatu niliacha kweli," Maranga alisema. "Hilo hukusema uongo. Uongo wako ulikuwa ule wa Takawiri, na huo ungewalaza watoto hawa hospitali. Kosa lako lingine ni kwamba ulipima maneno yangu kwa kuangalia gambuti zangu. Ungeyapima kwa kopo na kiganja cha chumvi, kama alivyofanya huyu, ungejua siku ile ile. Mtu asiyejua anafundishwa. Anayejifanya anajua, na huku anawadharau wanaojua, huyo atafundishwa na aibu, na aibu ni mwalimu mkali. Haya, nipeni kikombe kingine."

Mwalimu Arasa alisema hana la kuongeza, isipokuwa kwamba muhula ujao kamati itakuwa na mkutano mmoja, na utafanyika jikoni.

Jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa ziwa. Wazazi walikunja viti haraka, wakaagana, na wengi wao hawakukumbuka kununa. Mikebe minane ilibaki nyuma ya jiko, imenata maziwa na sukari. Nyamoita alikuwa amekaa kwenye jiwe, amenyoosha miguu, anakula mgao wake polepole. Valentine alikunja mikono ya shati, akachukua brashi bila kuambiwa, akaanza kusugua.

Alisugua mkebe wa kwanza, akausuza, akauinua juu kwenye mwanga.

"Rudia," Nyamoita alisema na kijiko mdomoni. "Bado hapo chini."

Valentine akaangalia. Kweli, bado. Akarudia.